Vidole Vinne vya Baba

Kabla hujanisifu, nisikilize kwanza. Najua habari zilizokufikia: kwamba kuna fundi wa kwato anaitwa Majembe, aliyempokea farasi jike kilema, farasi ambaye sindano yake ya mwisho ilikuwa inasubiri tu tarehe, akamrudisha kwenye mchakamchaka ndani ya miezi minane. Ni kweli. Mguu ule niliuponya mimi. Ila aliyeuharibu naye ni mimi, na katikati ya hayo mawili nilifanya jambo ambalo hata sasa, nikilikumbuka njiani, najikuta nasema kwa sauti, "Ah, wewe mzee, wewe." Watu wananigeukia wakidhani nawaita.

Baba yangu alikuwa fundi wa kwato pia. Alikuwa mtu mdogo, mwembamba, suruali zake alizinunua kwenye duka la sare za wanafunzi na hakuona haya kulisema hilo. Hakuwa na rula wala kipimo cha aina yoyote. Alinifundisha hivi: ukishaushika mguu wa mbele wa farasi, laza vidole vyako vinne juu ya ukwato, kuanzia pale nywele zinapoishia ukishuka kwenye ncha. Kidole cha nne kinapoishia, hapo ndipo pa kukata. Vidole vinne, basi, kazi imeisha. Nikayashika mafundisho hayo kwa miaka thelathini na mmoja bila kujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza: vidole vya nani?

Maana mimi mikono nilifuata ujombani. Jina la Majembe sikupewa kwa sababu ya kulima. Glavu za dukani haziniingii, na mke wangu akitaka kumaliza ubishi wa nani kamaliza mkate, ananyoosha kidole kwenye mkono wangu na kesi imekwisha. Vidole vyangu vinne ni vidole vitano vya baba na kipande juu. Sasa ukwato ukiachwa mrefu mbele, kisigino kinalala chini, na ile kano inayopita nyuma ya mguu inavutwa kila hatua, kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka siku inavimba na mnyama anaanza kuchechemea. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua vidole vinne.

Mwenye farasi huyo alikuwa rafiki yangu. Alikuwa na mkokoteni, akibeba matofali na mifuko ya saruji kutoka bohari mpaka kwenye majengo, na watu walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kushika mjeledi. Wenzake wakichapa, yeye anashuka, anaenda sikioni kwa farasi na kumwambia, taratibu mama, taratibu, na yule farasi anavuta. Siku alipomleta nyumbani mara ya kwanza mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kama ameletewa mke mwenza. Taratibu akamjibu asiwe na wasiwasi, huyu ni shemeji yako tu. Tangu siku hiyo farasi akaitwa Shemeji, na mtaa mzima ukamwamkia kwa jina hilo.

Kila baada ya wiki nane Taratibu alimleta kwenye karakana yangu. Yeye anashika kichwa, mimi nashika mguu, na tunapiga soga mpaka viatu vya chuma vinaingia. Miaka sita. Mwanangu wa mwisho alipozidiwa na homa asubuhi moja ya mvua, hakuna gari lililokubali kuingia kwenye tope la mtaa wetu, Taratibu ndiye aliyetupakia kwenye mkokoteni ule na kutufikisha hospitali. Sikumwomba. Alisikia tu, akaja. Namtaja mtoto huyo ili ujue ubaya wangu nilimfanyia mtu wa namna gani.

Mwaka wa tano Shemeji akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Nilipapasa nyuma ya mguu nikakuta joto na uvimbe kama ndizi ndogo chini ya ngozi. Basi nikatoa hukumu. Nilisema kwa sauti ile ya mafundi, ile ambayo mteja hathubutu kuuliza mara mbili: ni mizigo, ndugu yangu, punguza mizigo. Akapunguza nusu. Wateja wake wakahamia kwa wenye magari madogo. Farasi akaendelea kuchechemea, nami nikaendelea kumkata kwa vidole vinne, tena kwa makini zaidi, maana ni mgonjwa. Taratibu akampumzisha mwezi mzima, watoto wakinywa chai kavu. Hakupona. Mwisho akamuuza.

Jioni ya siku aliyomuuza alikuja kukaa kwenye benchi langu. Alisema amemvunja yule mnyama kwa tamaa yake, kwamba usiku anauhesabu tena na tena mfuko mmoja wa juu, ule wa kuongezea. Nami nikamfariji. Nilimwambia asijilaumu sana, kila mtu hukosea. Hebu fikiria mdomo huu ulivyokuwa na adabu siku hiyo. Baada ya hapo alinunua mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, akawa anabeba pumba na magunia sokoni. Akikutana nami alikuwa akicheka na kusema kwamba siku hizi farasi ni yeye mwenyewe.

Aliyemnunua Shemeji ni mama mmoja mwenye shule ya kufundisha watu kupanda farasi. Sote tulimwita Mwalimu. Mrefu, sauti ya kuita upande wa pili wa uwanja, farasi kumi na wawili kabla ya Shemeji, mabanda yamefagiwa mpaka unaona haya kukanyaga. Alimnunua kwa upole wake, akijua ni kilema, kwa sharti alilojiwekea mwenyewe: mwaka ukiisha hajapona, daktari atamchoma sindano, maana shule haiwezi kumlisha asiyefanya kazi. Fundi wake wa kwato alikuwa ametoka kustaafu, na kwa bahati, sijui niite nzuri au mbaya, akaniita mimi. Nilikuwa sijawahi kupata kazi kubwa namna ile mahali pamoja. Nilikuwa wiki ya pili pale nilipofungua mlango wa banda la mwisho na kukutana na Shemeji ananitazama.

Mwezi wa pili daktari wa mifugo alikuja na mashine ya eksirei, ndogo kama sanduku la safari. Ni binti wa juzi tu kutoka chuoni, anaongea polepole, hana majivuno. Aliweka kompyuta yake juu ya pipa la chakula, akatuita mimi na Mwalimu tuone. Mguu ulionekana mweupe, mifupa yote, na ukwato kama kivuli kinachoizunguka. Akapitisha kidole kwenye kioo akaonyesha: mbele parefu mno kwa kidole kimoja na zaidi, kisigino kimelala, na kano hii hapa nyuma imekuwa ikivutwa kama kamba ya kuanikia nguo. Alisema wazi kwamba hii si mizigo. Mizigo inaumiza mnyama siku moja. Hii ni ya miaka, na ni ya mikono ya mtu.

Nilijua papo hapo. Nisikudanganye kwamba nilikuwa na mashaka. Nilishusha macho nikaona vidole vyangu vinne vimelala juu ya pipa, kando ya ile picha, na nikamwona baba na vimikono vyake. Ndipo daktari akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza saa, farasi huyu alikuwa akikatwa kwato na nani kabla hajaja hapa.

"Mwenyewe," nikasema. "Alikuwa anamkata mwenyewe. Kwa kisu cha jikoni."

Kisu cha jikoni sijui kilitoka wapi. Kilitoka tu, kama chafya. Mwalimu akasonya, akasema watu wa namna hiyo hawafai kufuga hata kuku. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni. Nami, kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa anatikisa kichwa, nikatikisa changu.

Nilipofika nyumbani nilichukua futi ya cherehani ya mke wangu nikapima vidole vyangu. Nikapima mara tatu, kana kwamba vingepungua. Mke wangu akauliza nashona nini. Nikamweleza yote, maana yule mwanamke humfichi kitu, anasoma mgongo. Alimalizia kukunja nguo. Kisha akasema tu kwamba mficha uchi hazai, niende nikamwambie Taratibu kesho asubuhi. Nikamkoromea. Nikamwambia mambo ya farasi hayajui, kazi ile ikiondoka tutakula maneno yake. Chakula aliniwekea mezani akaenda kukaa barazani, na ikawa hivyo siku nyingi.

Basi nikajitupa kwenye mguu ule. Kama kazi ingekuwa sabuni ningekuwa nimetakata siku nyingi. Daktari alinipa rula ya plastiki na akaniambia nisikate yote mara moja, maana kano iliyozoea vibaya ikishtuliwa inachanika. Kidogo kidogo, kila wiki tatu, unene wa kucha tu. Nilimvua viatu vya chuma, nikamwinulia kisigino kwa kipande cha ngozi, nikakipunguza kila awamu. Asubuhi na jioni mpira wa maji baridi kwenye mguu dakika ishirini, halafu bendeji, isibane, isilegee. Kutembea dakika kumi kwenye njia ngumu iliyonyooka. Kona marufuku. Mwezi wa nne dakika ishirini, mwezi wa sita nusu saa. Nilikwenda hata siku zisizo zangu. Nilikwenda Jumapili. Nilijifunza kusikia hatua zake kwa masikio tu, nimefumba macho, nne zinazolingana au tatu na moja ya uongo.

Wateja wangu wengine wote niliwapitia upya na rula mfukoni, nikiwaambia kuna mtindo mpya wa kukata umetoka. Wakafurahi, wakasema Majembe anakwenda na wakati. Nilihesabu pia wale ambao sikuweza kuwapitia. Katika miaka thelathini na mmoja niliwakumbuka farasi kumi na mmoja waliovimba mguu ule ule, mahali pale pale, wakaondoka njia ambayo farasi wabovu huondoka. Kila mmoja nilikuwa nimemtolea hukumu yake. Huyu mizigo, huyu mawe, yule uzee. Sikuwahi hata siku moja kusema ni mimi.

Na kadiri Shemeji alivyopona, ndivyo nilivyosifiwa. Mwalimu alikuwa akileta wazazi wa wanafunzi mpaka mlangoni mwa banda, akiwaonyesha mguu, akiwaonyesha mimi, na kuwasimulia kisa cha kisu cha jikoni. Hadithi nayo inanenepa ikilishwa. Mwezi wa tano kisu kilikuwa kimekuwa panga. Mwezi wa saba mwenye panga alikuwa mlevi. Mimi sikuongeza neno, nakuapia. Wala sikupunguza. Nilivaa miwani ya mbao, nikainamia ukwato na tupa yangu, nikasugua mahali palipokwisha kulainika.

Mwezi huo wa tano Taratibu alikuja nyumbani. Mke wangu alimpokea kwa furaha ambayo mimi sikuwa nimeiona kwa wiki kadhaa, akamletea chai, kisha akaniangalia na kutoka. Nilielewa. Alikuwa ametuachia chumba. Taratibu alitaka habari za Shemeji. Nikamwambia anapona, anatembea dakika ishirini. Akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakatikisika. Alipotulia akaniuliza kama farasi anaweza kumsahau mtu, na kama anaweza kukumbuka ubaya aliotendewa. Nikamjibu kwamba farasi hana kinyongo. Akasema Mungu amenipa mikono. Chumba kilikuwa chetu, chai ilikuwa bado ya moto, neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu kabisa. Nikamkaribisha aongeze sukari.

Mwezi wa nane mtunza farasi wa Mwalimu aliacha kazi akaenda kuishi kwa dada yake. Taratibu alipata habari siku hiyo hiyo. Akanifuata karakanani, jasho la mkokoteni bado linamtiririka, goti moja amelifunga kitambaa. Alisema umri huu mkokoteni utamuua, lakini si hilo tu. Alitaka kukaa karibu na yule mnyama, amsafishe, amlishe, amlipe alichomkosea.

"Wewe unanijua, ndugu yangu," akasema. "Niombee."

Nikaenda kumwombea. Nilimwambia Mwalimu kwamba yule aliyemuuzia Shemeji anatafuta kazi ya kutunza farasi, na kwamba ni mtu mzuri. Mwalimu aliacha alichokuwa anafanya akanitazama kwa upole mkubwa. Akasema mimi nina moyo safi kupita kiasi, lakini yeye hawezi kumkabidhi farasi kumi na watatu mtu aliyemchonga mmoja kwa panga. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Hata kipofu angepaona. Nikasema labda hakujua. Labda hakujua! Kana kwamba namsamehe. Mwalimu akanigusa bega na kusema laiti watu wote wangekuwa na huruma kama mimi. Nilitembea mpaka nyuma ya mabanda nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jioni nilimwambia Taratibu kwamba Mwalimu bado anafikiria.

Alisubiri mwezi wa nane ukaisha, na wa tisa. Kila tukikutana aliniuliza kwa macho tu, asije akanisumbua. Nilianza kupita njia ya nyuma ya soko.

Siku ya kumpima Shemeji ilikuwa mwezi wa kumi, asubuhi kavu, hakuna upepo. Daktari alisimama mwisho wa njia iliyonyooka, mikono imekunjwa. Mwalimu ndiye aliyeshika kamba na kukimbia naye, mimi nikabaki kando na rula yangu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Nilifumba macho. Nikasikia kwato zinakwenda, zinageuka kwa mduara mpana, zinarudi. Zilikuwa zinalingana. Hapakuwa na ya uongo hata moja. Nilipofumbua, daktari alikuwa ananijia akicheka, akanipa mkono, akasema ataandika kwamba mnyama huyu yuko tayari kwa kazi nyepesi. Sindano imefutwa. Nilifurahi, sitakataa, nilifurahi mpaka macho yakalowa, na kwa muda kama wa pumzi mbili nikasahau mimi ni nani.

Ndipo lango likafunguliwa na Taratibu akaingia akisukuma mkokoteni wa pumba. Muuza pumba alikuwa amempa ile safari, wala hakuniambia. Alikuwa anamwomba mtu wa langoni ampishe, sauti ya kawaida tu. Shemeji akainua kichwa. Masikio yakasimama, akalia ile sauti ya tumboni ambayo farasi humlilia mtu mmoja au wawili maisha yake yote, akamvuta Mwalimu mzima mzima mpaka langoni na kuuzika uso wake kifuani mwa yule mtu. Taratibu alishuka chini polepole kwa lile goti lake bovu, akauzungushia mguu wa kushoto mikono yote miwili, akapapasa mahali palipokuwa pamevimba. Hapakuwa na uvimbe.

Tulikuwa tumewafikia wakati huo. Alipoinuka alivua kofia, akamsalimia Mwalimu kwa heshima, akamshukuru, kisha akasema kwa kuwa Mungu amewakutanisha, anaomba amuulize mwenyewe kuhusu ile kazi. Mwalimu si mtu wa kuzunguka. Alimwambia palepale, mbele ya daktari na mbele yangu, kwamba angempa kazi mtu yeyote mtaani kabla ya kumpa yeye, kwa sababu anajua alikuwa akimkata kwato farasi huyu mwenyewe, kwa panga, miaka, mpaka akamlemaza. Akamwambia na aliyemwambia ni nani.

Taratibu alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama mtu anavyomsubiri mwenzake amalize mzaha. Mimi nikatazama chini. Nilitazama viatu vyangu vizuri kabisa, kimoja kilikuwa kimeachia uzi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, si yote, lakini ya kutosha. Akaivaa kofia yake.

"Kama fundi amesema hivyo," akamwambia Mwalimu, "basi ni hivyo."

Akaenda kushika mipini ya mkokoteni apeleke pumba ghalani. Mgongo ule. Nilikuwa nimeutazama miaka sita ukiinamia farasi, na sasa uliinama peke yake. Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua.

"Mwalimu, huyu hajawahi kumgusa ukwato. Nilimkata mimi. Miaka sita, mimi. Kisu cha jikoni nilikitunga."

Hakuna aliyesogea isipokuwa farasi, aliyekuwa anatafuta pumba kwenye mshono wa gunia. Nikaendelea, maana ukishaanza kuanguka huchagui pa kusimama. Nilieleza vidole vinne, nilieleza baba, niliuonyesha mkono wangu kama mwendawazimu. Daktari aliutazama mkono, akautazama ukwato, akageuka pembeni. Mwalimu alikuwa mwekundu machoni. Alimwendea Taratibu, akamwomba radhi kwa maneno machache yaliyonyooka, akamwambia akitaka aje kesho saa kumi na mbili asubuhi, kazi ni yake. Mimi akaniambia atafikiria kama nirudi.

Taratibu hakuwa amemsikia vizuri, nadhani. Alikuwa bado ananitazama.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kumwambia juzi. Ningeweza kumwambia leo asubuhi. Mdomo huu una uzoefu.

"Siku ya picha," nikasema. "Mwezi wa pili."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu, midomo ikicheza, na nilijua anafika wapi: chai, kofia usoni, sukari. "Nilipokuja kwako ulikuwa unajua," akasema, si kwa kuuliza. Nikasema nilikuwa najua. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nimelitega shavu kabisa, na kama angelipiga ningelala usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Alikuwa na haki ya kunitukania mpaka wazee wangu waliozikwa.

Badala yake alimrudia Shemeji. Akainama, akapitisha mkono nyuma ya mguu wa kushoto kama alivyozoea, na farasi akampa ukwato bila kubembelezwa. Akautazama muda mrefu. Akabonyeza kisigino kwa dole gumba, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbele kutoka upande huu mpaka huu, akiutafuta mkwaruzo asiupate. Kisha akauweka chini polepole.

"Umemkata vizuri," akasema.

Alilisema bila kejeli. Yule mtu hajui kejeli, hiyo ndiyo shida yake na yangu. Alikuwa ameona kazi nzuri akaitaja, basi. Na mimi, nimesimama pale na rula ya plastiki mkononi, mzee wa miaka hamsini na nane, nikasikia mdomo wangu unasema asante.